Makubaliano ya malezi ya mtoto baada ya wazazi kutengana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara, ambako watoto wa wazazi waliotengana wanalindwa hasa na sheria mbili: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar ina utaratibu wake, na tumeugusa kuelekea mwisho. Ni maelezo ya jumla. Shauri lako likiwa na mikunjo yake, mwone wakili au msaidizi wa kisheria ukiwa na nyaraka zako mkononi.

Tumeachana bila ugomvi na tumeelewana kuhusu watoto. Mahakamani tunafuata nini?

Hakuna anayewalazimisha. Wapo wazazi walioachana miaka kumi iliyopita, watoto wanakwenda na kurudi, ada inalipwa, na hawajawahi kukanyaga mahakamani. Shida huja maelewano yakishachuja: mmoja anaoa au anaolewa, mwingine anahamishiwa kazi Mwanza, mshahara unasimama. Hapo ndipo mtu anakumbuka ile karatasi waliyosainiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, anaichukua, anaipeleka polisi, na polisi wanamwambia ukweli kwamba hawana la kufanya nayo.

Karatasi ile si bure. Ni ushahidi mzuri wa mlichokubaliana. Ila huwezi kuiombea kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe mtu kutekeleza, kwa sababu hakuna hukumu. Makubaliano yaleyale yakisajiliwa mahakamani na hakimu akayapitisha, yanakuwa amri, na anayeivunja amri hajibizani na wewe tena, anajibizana na mahakama.

Tunakwenda mahakama ipi?

Inategemea mmefika na nini. Kama kuna shauri la ndoa, yaani talaka au kutengana rasmi, suala la watoto husikilizwa humo humo. Mashauri ya ndoa yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na Mahakama Kuu. Wengi huanzia Mwanzo kwa sababu iko karibu na taratibu zake si nzito.

Kama hakuna talaka inayodaiwa, au hamkuwahi kufunga ndoa, mnapeleka maombi ya malezi, matunzo au haki ya kumuona mtoto kwenye Mahakama ya Watoto. Jina linawatisha watu wakidhani ni ya watoto waliotenda makosa tu. Sivyo; inasikiliza pia maombi ya aina hii, tena faraghani, bila wasikilizaji wa pembeni.

Dar es Salaam kipo Kituo Jumuishi cha Temeke, kilichoanza mwaka 2021 kwa ajili ya mashauri ya ndoa na mirathi. Ngazi kadhaa za mahakama ziko kwenye jengo moja, jambo linalopunguza safari za kutumwa huku na kule.

Lazima tupite baraza la usuluhishi kwanza?

Kwa talaka, ndiyo. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata au la dini, na baraza likishindwa kuwapatanisha litoe hati ya kuthibitisha hivyo. Zipo hali chache sheria inaruhusu kuruka hatua hiyo, kwa mfano mwenzako amekutelekeza na hujui alipo. Maombi ya malezi au matunzo ya mtoto peke yake chini ya Sheria ya Mtoto hayadai hati ya baraza.

Baraza linaweza kuwasaidia kuelewana, lakini halina mamlaka ya kutoa talaka wala kuamua mtoto akae na nani. Ukiambiwa na baraza “tumeamua watoto wabaki kwa baba,” chukua kama ushauri.

Tukishaandika na kusaini, hakimu si anagonga muhuri tu?

Hapana, na hapa ndipo wazazi wengi wanaposhangaa. Kwenye mkataba wa kuuziana kiwanja, mkikubaliana nyie wawili imetosha. Kwenye mtoto kuna mtu wa tatu ambaye hakusaini, na hakimu yupo kwa ajili yake. Sheria ya Mtoto inaweka maslahi bora ya mtoto mbele ya kila kitu, na Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kubadilisha makubaliano yoyote ya wazazi kuhusu malezi au matunzo, hata kama ndani yake mmeandika kwamba hayatabadilishwa kamwe.

Kwa hiyo yapo mambo hamwezi kuyauza hata mkiridhiana. Lile linalojirudia zaidi ni hili: “Mama atabaki na mtoto, na baba hatadaiwa matumizi yoyote, naye hatamfuatilia mtoto.” Kila upande unaona umepata nafuu. Lakini matunzo ni haki ya mtoto, na kumuona baba yake ni haki ya mtoto vilevile. Hakimu makini ataikataa sentensi hiyo, na asipoikataa, bado mama anaweza kurudi baada ya miaka miwili kudai matunzo na akasikilizwa.

Kabla ya kupitisha, hakimu anaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii afanye uchunguzi na kuleta taarifa. Usimwogope akija nyumbani. Hatafuti sofa. Anaangalia mtoto analala wapi na nani, shule iko umbali gani, nani anabaki naye ukiwa kazini, na mara nyingine anazungumza na mwalimu au jirani. Chumba kimoja kilichopangwa vizuri hakijawahi kumnyima mzazi mtoto wake.

Mtoto wa chini ya miaka saba ni wa mama. Hilo si linajulikana?

Linajulikana nusu. Sheria inadhania kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama, katika kuitumia dhana hiyo, izingatie pia ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamisha hamisha. Mtoto wa miaka mitano aliyelelewa na baba na shangazi yake miaka mitatu mfululizo, mama akiwa mbali kwa hiari yake, hahamishwi kirahisi eti kwa sababu hajafika saba.

Na upande wa pili: kutimiza miaka saba hakumfanyi mtoto kuwa wa baba. Hakuna kengele inayolia siku hiyo. Kuna wanaume wanaohesabu miezi, siku ikifika wanatuma ndugu wakamchukue mtoto kama mzigo uliokuwa stoo. Sheria haisemi hivyo popote. Baada ya saba dhana inakwisha tu, yanabaki maslahi ya mtoto.

Vivyo hivyo kwa hoja za ukoo na mahari. Mila za jamii ya wazazi ni moja ya mambo ambayo kifungu hicho kinaruhusu mahakama kuyaangalia, pamoja na matakwa ya wazazi na ya mtoto mwenyewe. Ila zinakuja nyuma ya maslahi ya mtoto. “Sikulipiwa mahari kwa hiyo mtoto ni wa kwetu,” au “mtoto ni damu ya ukoo wetu,” haitoshi peke yake kumpa mtu mtoto.

Mtoto mwenyewe anaulizwa?

Anasikilizwa akiwa na umri wa kutoa maoni yake bila kuelekezwa. Sheria haikutaja umri kamili. Hakimu wengi humwita ofisini wakazungumza naye taratibu, wazazi wakiwa nje. Na watoto waliofundishwa cha kusema hujulikana mapema: mtoto wa miaka minane anapotamka “baba hana uwezo wa kunitunza kiuchumi,” kila mtu mle ndani anajua sauti ni ya nani. Mahakama inaangalia pia ndugu wa tumbo moja wasitawanywe bila sababu ya msingi.

Makubaliano yaandikweje ili yasitusumbue baadaye?

Andikeni kwa Kiswahili. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na hata kabla ya hapo Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikikitumia. Hakuna sababu ya kulipia hati ya Kiingereza ambayo mmoja wenu ataisaini bila kuielewa.

Kisha andikeni kwa uwazi unaokera. Hati nyingi zinazoleta kesi ya pili zina sentensi mbili zilezile: “Baba atamuona mtoto muda wowote unaofaa” na “Baba atatoa matumizi kulingana na uwezo wake.” Siku ya kusaini zinaonekana za kiungwana. Siku ya ugomvi hakuna anayejua “unaofaa” ni saa ngapi, na huwezi kumwomba hakimu akazie kitu kisicho na tarehe wala kiasi. Linganisha na hii:

“Mtoto atakaa na mama. Baba atakuwa na mtoto wikiendi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, kuanzia Ijumaa saa 11 jioni hadi Jumapili saa 11 jioni. Atamchukua na kumrudisha nyumbani kwa bibi mzaa mama. Likizo ya Juni mtoto atakuwa kwa baba wiki mbili za kwanza. Likizo ya Desemba watapokezana, mwaka huu kwa baba, mwaka ujao kwa mama. Baba atatuma Sh 150,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5 kwenye namba ya simu ya mama, na ujumbe wa muamala ndio risiti. Ada atailipa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kabla ya muhula kuanza. Matibabu yasiyo kwenye bima watagawana nusu kwa nusu, kila mmoja akionyesha risiti.”

Kiasi hicho ni mfano, wekeni chenu. Kitu cha kuiga ni saa, tarehe, mahali na njia ya malipo.

Mahali pa kumkabidhi mtoto panastahili kufikiriwa kuliko watu wanavyodhani. Ugomvi mwingi hautokei wikiendi yenyewe, unatokea mlangoni, mtoto akiwa kashika begi. Mkiwa hamuelewani, chagueni sehemu ambayo hamtalazimika kusalimiana: kwa bibi, shuleni Ijumaa baada ya masomo, hata dukani kwa mtu mnayemheshimu wote wawili.

Msisahau sikukuu. Idi, Krismasi, safari ya Moshi ya mwisho wa mwaka, jando au kipaimara: andikeni mtoto atakuwa wapi. Andikeni pia nani anashika cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, nani anakwenda vikao vya shule, na saa za mtoto kupiga simu kwa mzazi asiyekaa naye. Kipengele cha mzazi mmoja kuhama mkoa kiwekwe mapema: atoe taarifa muda gani kabla, na ratiba itakuwaje.

Kiasi cha matunzo kinapangwaje?

Hakuna jedwali la serikali. Mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watu wengine wanaowategemea, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na mahitaji ya mtoto. Sheria ya Mtoto inasema pia mtoto anastahili kuendelea na elimu na matunzo ya kiwango kile alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana, kwa hiyo aliyekuwa shule ya kulipia hahamishwi kwa hasira tu.

Asiye na hati ya mshahara hakwepi. Bodaboda, mwenye genge, fundi, mkulima: ushahidi wa kipato unaweza kuwa miamala ya simu, leseni ya biashara, au majirani wanaojua shamba lilivyo. Matunzo kwa kawaida hukoma mtoto akifikisha miaka 18, lakini mahakama inaweza kuyaongeza kama bado yuko masomoni.

Mwenzangu hatoi matumizi. Naweza kumzuia asimuone mtoto?

Tunaelewa hasira, lakini jibu ni hapana. Tunaulizwa swali hili kuliko yote, na pia linageuzwa: “Ananizuia kumuona mtoto, nitoe pesa ya nini?” Jibu ni hapana pia. Matunzo na kuonana ni haki mbili tofauti, zote za mtoto. Ukizuia moja kulipiza nyingine, wewe uliyekuwa na haki asubuhi unafika mahakamani mchana ukiwa na kosa lako la kujibu.

Asiyetoa matumizi, mrudishe mahakama iliyotoa amri. Peleka nakala ya amri na orodha ya miezi isiyolipwa, uombe kukaza hukumu. Mahakama inaweza kuagiza mali ikamatwe au mshahara ukatwe. Anayezuiwa kumuona mtoto naye aende palepale, akiwa na kumbukumbu: tarehe alizokwenda, ujumbe alioandika, mtu aliyeongozana naye. Wakati huo aendelee kutuma pesa. Baba anayeingia mahakamani na ujumbe wa miamala ya mwaka mzima bila kukosa mwezi ana hoja nzito kuliko wakili yeyote wa kukodi.

Na wewe mama uliyepokea pesa mkononi, andika risiti. Kadhalika baba anayetoa: pesa uliyompa mjomba ampelekee ni ngumu kuithibitisha.

Hatukuwahi kuoana. Haya yanatuhusu?

Yote, kwa upande wa mtoto. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki zilezile za malezi na matunzo. Tena mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawachukulia kama mke na mume, sheria inadhania wamefunga ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikivunjwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Baba anasema mtoto si wake.

Mahakama inaweza kuombwa itamke nani mzazi, na kipimo cha vinasaba kikaagizwa. Kipimo hicho hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo haipokei mtu aliyeingia tu kutoka barabarani. Unapelekwa na mahakama, wakili, ustawi wa jamii, polisi au mamlaka nyingine inayotambuliwa. Usikubali “kipimo” cha uchochoroni.

Mmoja Mwislamu, mwingine Mkristo. Mtoto atafuata dini gani?

Mkubaliane wenyewe ikiwezekana, muandike. Mkishindwa, mahakama ina uwezo wa kuweka masharti kuhusu mahali mtoto atakapoishi, elimu yake na dini atakayolelewa nayo. Mara nyingi haipendi kumbadilishia mtoto alichokizoea.

Mwenzangu alikuwa ananipiga. Naambiwa nikae naye tuelewane kwa ajili ya mtoto.

Huna deni hilo. Makubaliano ni mazuri kati ya watu wawili wanaoweza kukataana bila hofu. Kama unasaini kwa sababu unaogopa kitakachotokea usiposaini, mwambie hakimu au afisa ustawi wa jamii, ikiwezekana ukiwa peke yako. Vipigo vitolewe taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, uchukue PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), na hati ya hospitali uitunze. Mahakama inaweza kuagiza mtoto aonane na mzazi huyo mbele ya mtu mwingine, au kumnyima kabisa kama mtoto mwenyewe yuko hatarini.

Alimchukua mtoto likizo na hajamrudisha.

Kama kuna amri, ni kosa kumwondoa mtoto kwa mtu mwenye haki ya malezi kinyume cha sheria. Rudi mahakamani haraka, na nakala ya amri uipeleke Dawati la Jinsia na Watoto. Kama hakuna amri, fungua maombi ya malezi na uombe amri ya muda. Usiende kumvizia shuleni na bodaboda ukamrudishe mwenyewe. Tumeona mtoto mmoja “akiibwa” na wazazi wake kwa zamu mpaka mwalimu mkuu akakataa kumpokea.

Bibi na babu wana nafasi?

Wanayo. Sheria inaruhusu mahakama kumkabidhi mtoto ndugu pale inapoonekana si salama kwa mzazi yeyote, na ndugu wa mzazi aliyefariki wanaweza kupewa haki ya kumtembelea. Lakini bibi hamzidi mzazi anayefaa na anayemtaka mtoto wake.

Anataka kumpeleka mtoto nje ya nchi.

Mahakama inaweza kumkataza mwenye malezi kumtoa mtoto Tanzania bila ruhusa. Ukiwa na wasiwasi, kipengele hicho kiombe mapema, na nakala ya amri uifikishe Uhamiaji. Ndege ikishaondoka kazi inakuwa ndefu.

Hali imebadilika tangu tusaini. Tumekwama nayo?

Hapana. Amri za malezi na matunzo huweza kubadilishwa hali ikibadilika: ajira kupotea, mtoto kuugua, mzazi kuhama. Omba mabadiliko kwanza, ndipo uache kutekeleza. Ukianza kulipa nusu kwa uamuzi wako mwenyewe, deni la nusu nyingine linabaki palepale.

Na Zanzibar?

Zanzibar ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2011, na mambo ya ndoa na watoto wa Waislamu husikilizwa Mahakama ya Kadhi chini ya sheria ya mwaka 2017. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko. Mzazi mmoja akiwa Unguja na mwingine Tanga, pateni ushauri kabla ya kufungua shauri upande wowote.

Sina pesa ya wakili. Nianzie wapi?

Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, haitozi kitu. Afisa anaweza kuwaita wote wawili, kuwasaidia kuandika makubaliano, na kukuelekeza mahakama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC hutoa msaada bure kwa wasio na uwezo. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa kama kipo, risiti za shule na hospitali, na simu yenye miamala. Ada yoyote ya mahakama lipa kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), si mkononi kwa mtu. Na mtoto akiwa hatarini leo, usisubiri tarehe ya shauri: piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.